Maneno ya Kupungua: Kiingereza na Kiswahili

Makala haya yanahusu maneno machache ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wetu hukutana nayo kila siku, na ambayo kwa muda mrefu tumemfundisha vibaya. Ni yale yasemwayo kwa kitenzi kimoja na kijineno kimoja nyuma yake, nayo hueleza kupungua au kudhoofika kwa jambo: “die down”, “wear off”, “fade away”, “peter out”, “cut down”, na mengine ya jamii hiyo. Nakusudia kutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wako wasemao maneno haya hayana kanuni yoyote, na wako wasemao yote yametoka katika picha moja ya juu na chini, na pande zote mbili zimeona nusu ya jambo. Ya pili ni kwamba upungufu huo wa elimu umeingia katika tafsiri zetu, na mahali pengine umeingia pabaya, penye afya za watu.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe, ili msomaji asidhani nimekuja kuwahukumu wenzangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada yangu mkononi, niliombwa nitafsiri karatasi ya maelezo kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu. Palikuwa na sentensi moja yenye maneno “taper off”. Nikaandika: “Acha dawa hii taratibu.” Nilidhani nimefanya kazi safi. Karatasi ilipowafikia wauguzi, mmoja wao, mama wa makamo, akaniletea swali: “Mwalimu, mgonjwa ataachaje taratibu? Kuacha ni kuacha. Au wamwambia asiitupe kwa kishindo?”

Sikuwa na jibu. Mwili uliozoea dawa hizo kwa muda mrefu hupunguza kazi yake wa kujitengenezea homoni inayofanana nazo. Dawa ikikatwa ghafla, mgonjwa huweza kuanguka, na hata kufa. Lililotakiwa kusemwa ni kwamba kipimo kipunguzwe hatua kwa hatua mpaka kifike mwisho. Kitenzi nilichokichagua, kuacha, husema mwisho tu. Kielezi nilichokiongeza, taratibu, husema adabu ya tendo, hakisemi umbo lake. Kiingereza kilikuwa kimesema umbo: “taper” ni jina la zamani la mshumaa mwembamba, na kitenzi kilichozaliwa nalo maana yake ni kuwa chembamba kuelekea ncha. Umbo hilo ndilo nililolipoteza, na ndilo lililokuwa na uhai wa mtu ndani yake.

I

Taabu hii si ngeni, wala si yetu peke yetu. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliliona kundi hili la vitenzi vinavyogeuzwa maana na neno dogo linalofuata, akakiri kwamba ndilo liwapalo wageni taabu kubwa. Mwaka 1925 Logan Pearsall Smith aliliandikia kundi hilo katika kitabu chake juu ya maneno na nahau, akalipa jina ambalo wataalamu wa Kiingereza hulitumia hata leo. Naye alisema kuwa jina hilo alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Mwaka 1971 Dwight Bolinger alitoa kitabu kizima juu yao. Mimi hapa nitayaita vitenzi vya maneno mawili, na lile neno la pili nitaliita kijineno, kwa kuwa si kihusishi barabara wala si kielezi barabara, na jina la unyenyekevu halimdhuru.

Kundi la kwanza la walimu husema: kariri. Kwao kila kitenzi cha maneno mawili ni jiwe lililookotwa njiani. Halina udugu na jiwe la pili. Ndiyo maana vitabu vingi vya shule huyapanga kwa alfabeti ya kitenzi, kwa orodha ndefu, na mwanafunzi hupimwa kwa kuulizwa maana ya kila moja. Tuijaribu rai hiyo kwa kitenzi kimoja tu, “die”, yaani kufa, ambacho huweza kufuatwa na vijineno vinne, na mara zote nne huleta maana ya kupungua.

Upepo, moto au kelele zikisemwa kuwa “die down”, maana yake kishindo kimeshuka, lakini makaa yangalipo, na yaweza kupulizwa yakawaka tena. Sauti ikisemwa kuwa “die away”, yafifia kama ngoma ya watu wanaokwenda mbali, mpaka sikio haliipati tena. Hatukuambiwa kwamba ngoma yenyewe imenyamaza huko ilikokwenda. Miti au mifugo ikisemwa kuwa “die off”, inakufa mmoja baada ya mmoja, na kundi linapungua. Aina ya mnyama ikisemwa kuwa “die out”, hakubaki hata mmoja, kama ndege dodo wa kisiwa cha Mauritius aliyetoweka katika karne ya 17.

Sasa tuondoe “die” tutazame vijineno peke yake. “Down” huja katika “cool down”, “calm down”, “slow down”, “settle down”: kila mara jambo limeshuka daraja, nalo lipo bado. “Away” huja katika “fade away”, “waste away”, “melt away”, “wither away”: kila mara jambo linaondoka mbele ya macho au masikio ya mtazamaji, kidogo kidogo. “Out” huja katika “run out”, “burn out”, “phase out”, “peter out”: chombo kinabaki kitupu. “Off” huja katika “wear off”, “drop off”, “tail off”, “ease off”: jambo linabanduka, au linaacha kilele kilichokuwa kimefikiwa. Mawe yaliyookotwa ovyo njiani hayapangiki hivi. Kwa hiyo rai ya kukariri imeshindwa katika mtihani wake wa kwanza.

Hata hivyo haki yake tuipe. Kanuni hii ina nyufa. Msitu au umati ukisemwa kuwa “thin out” haukwisha. Miti na watu wapo, ila wameachana nafasi. Hapa “out” si utupu wa chombo, ni kutanda kwa vitu mbali mbali. Mwalimu asemaye kwamba kijineno kina maana moja tu atamkosesha mwanafunzi wake mara tano katika ishirini. Lakini mwalimu asemaye kwamba hakina maana yoyote humkosesha mara zote, maana humnyima hata fimbo ya kupapasia.

II

Kundi la pili ni la watu wakubwa zaidi. George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980 juu ya sitiari zitumiwazo katika maisha ya kila siku, walitoa hoja kwamba fikira za binadamu hufuata picha za mwili wake. Katika picha hizo wingi ni juu na uchache ni chini, kwa kuwa mtu akiongeza vitu katika lundo, au maji katika chombo, huona kimo kikipanda. Wafuasi wao wengi wameichukua hoja hiyo na kuifanya ufunguo wa kila kufuli: “down” ni kupungua, “up” ni kuongezeka, na mwanafunzi akiisha kulijua hilo hana haja ya orodha.

Hoja hii ina nguvu, wala Kiswahili hakiikani. Sisi pia husema bei imepanda na bei imeshuka; homa ya mtoto yapanda usiku na kushuka asubuhi; hasira humpanda mtu. Lakini ninazo pingamizi tatu.

Ya kwanza yatoka katika Kiingereza chenyewe. Mvua ikipungua Mwingereza husema “let up”. Kazi ikipungua uzito husema “ease up”. Kisima kikikauka husema “dry up”. Na la ajabu zaidi, gari likipunguza mwendo aweza kusema “slow down” au “slow up”, na maana ni ile ile. Kama juu ni wingi, huku kupungua kwenda juu ni kwa namna gani? Atakayeitetea nadharia atasema kwamba “up” hapa ni ukamilifu wa jambo, si kimo chake, na pengine atasema kweli. Lakini akisema hivyo amekwisha kukubali kwamba kijineno si daraja la ngazi peke yake.

Ya pili ni hesabu nyepesi. Katika vijineno vinne vya kupungua tulivyovitazama, ni kimoja tu, “down”, kinachosema habari ya juu na chini. “Away” husema umbali. “Out” husema ndani na nje. “Off” husema kugusana na kuachana. Historia ya maneno nayo yatuonya. “Down” lenyewe lilizaliwa katika Kiingereza cha kale kutokana na maneno yaliyokuwa na maana ya “kutoka kilimani”. “Away” lilitokana na maneno yaliyokuwa na maana ya “njiani”. Na “off” lilikuwa neno moja na “of” kabla hayajaachana. Asili ya yote ni safari: mtu ametoka mahali, ameshika njia, ameachana na kitu. Picha ya ngazi ni mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wengi.

Ya tatu yatoka kwetu, nami naomba msomaji anivumilie niikalie kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza zaidi. Kama kuna jambo duniani ambalo kupungua kwake ni kushuka kwa kimo, waziwazi, mbele ya macho, ni maji ya bahari. Mwingereza husema bahari “goes down” au “goes out”. Mswahili hasemi maji yameshuka. Husema maji yamekupwa. Na kupwa si kushuka. Kupwa ni kukauka kwa mahali palipokuwa na maji. Mtu wa pwani haangalii kimo cha maji, huangalia nchi inayofunuliwa: mchanga, miamba, mashimo ya pweza, njia ya kupitia kwa miguu. Pwa ndiyo sehemu hiyo, na pwani ni mahali pake. Picha iliyo katika kitenzi chetu ni ya mwenye kushinda ufuoni akitafuta riziki.

Tena tazama kitenzi hicho kilivyotembea. Jahazi lililoachwa na maji juu ya fungu limepwelewa. Jipu likipasuka na uvimbe wake ukanywea, umekupwa. Msomaji wa maulidi aliyesoma usiku kucha mpaka koo likakauka amepwewa na sauti. Bahari, jahazi, jipu na koo: kote humo kuna kupungua, na hakuna hata mahali pamoja ambapo neno chini lingefaa. Mtaalamu atakayekuja kwetu na ngazi yake ya juu na chini ataupita utajiri huu bila kuuona.

Niongeze moja dogo. Kiswahili husema bila aibu: “Maji ya kisima yanazidi kupungua.” Kuzidi ni kuongezeka, na kupungua ni kinyume chake, nayo maneno mawili yameketi mkeka mmoja bila ugomvi. Kinachozidi ni mwendo, kinachopungua ni maji. Lugha inayoweza kutenganisha mambo hayo mawili namna hiyo haitaki kufundishwa kwamba wingi na uchache ni panda shuka tu.

III

Basi tofauti ya lugha hizi mbili iko wapi? Leonard Talmy, katika maandiko yake ya mwaka 1985 juu ya vitenzi vya mwendo, aliigawa lugha kwa namna zinavyoweka njia ya mwendo. Ziko lugha ziwekazo njia nje ya kitenzi, katika kijineno, na Kiingereza ni mojawapo: mtu hukimbia ndani, hutambaa nje, huelea chini, yaani kitenzi husema namna na kijineno husema njia. Ziko lugha ziwekazo njia ndani ya kitenzi chenyewe, na Kiswahili chaangukia huko: ingia, toka, panda, shuka, pita, vuka. Namna ya mwendo, ikitakiwa, hutajwa kando: aliingia akikimbia, alitoka akitambaa.

Mgawanyo huu wafaa kwa kupungua pia, lakini hautoshi. Ni kweli kwamba katika “fade away” kitenzi husema namna na kijineno husema njia, na kwamba Kiswahili hutia yote katika neno moja, fifia. Lakini ukiyakusanya maneno yetu ya kupungua waona jambo ambalo mgawanyo huo haukulisema. Kiingereza huuliza: kimepungua kwa namna gani, na kimekwenda wapi? Kiswahili huuliza: ni nini kilichopungua?

Mathalani, rangi ya kitambaa huchujuka au hupauka; haidhoofu. Mwili wa mgonjwa hukonda na kudhoofu, viungo vyake hunyong'onyea, havichujuki. Moto na sauti hufifia. Kamba na misumari hulegea. Ua hunyauka, na ngozi husinyaa. Chai na ghadhabu hupoa. Makali ya kisu hulika, na jiwe huliwa na maji. Majani ya mti hupukutika, na ng'ombe wakipatwa na maradhi hupukutika pia, mmoja mmoja, mpaka zizi libaki wazi. Na hapo ndipo tulipopata neno la “die off” ambalo orodha zetu hulitafsiri kwa maneno matano. Bidhaa sokoni huadimika. Mvua, ambayo Mwingereza ana “let up” moja tu kwa kuacha na kupungua kwake, kwetu hupusa ikishika kidogo, hukatika ikiacha ghafla, na huanuka mawingu yakiondoka na jua likarudi.

Kwa hiyo aliyesema kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu kwa kuwa hakina vijineno, amehesabu maduka ya mtaa wa jirani. Utajiri wetu uko katika mashina, na kila shina limeoa aina yake ya kitu. Umaskini wetu, kama upo, uko mahali pengine, na inafaa tuuseme waziwazi ili tuutibu.

Upo katika kusema mwisho. Kijineno cha Kiingereza humwambia msikilizaji kama jambo limebaki au limekwisha: “down” limebaki, “out” limekwisha. Shina la Kiswahili aghalabu halisemi hilo. Sauti iliyofifia yaweza kuwa ingali inasikika, na yaweza kuwa imepotea kabisa. Lugha yetu hulitimiza jambo hilo kwa njia nyingine: kwa nyakati za kitenzi, kama inafifia na imefifia, kwa kitenzi cha pili, kama imefifia ikapotea, kwa neno mpaka na hadi, kwa kusema inakwenda ikipungua, na kwa viigizi, kama ametulia tuli. Njia hizo zatosha sana. Lakini hazikulazimishwa na sarufi, na mfasiri mvivu huziacha. Kiingereza humtia mfasiri wake kijineno mkononi atake asitake; Kiswahili humwachia hiari, na hiari ndiyo ilinayotuponza.

IV

Nikitazama tafsiri zilizopita mkononi mwangu katika miaka ya kufundisha, za wanafunzi na zangu mwenyewe, naona makosa ya aina tatu.

La kwanza ni kutafsiri kijineno. Mwanafunzi huandika kwamba kelele “zilikufa chini”, au kwamba daktari alimwambia baba yake “akate chini” sigara. Kosa hili huchekesha, na kwa sababu huchekesha halina hatari kubwa. Kila msomaji hulikamata. Sipingi kila mgeni. “Shusha sauti” imeingia karibu na “punguza sauti”, na haikuvunja mlango, maana sauti kwetu ilikwisha kuwa na kupanda na kushuka katika uimbaji. Mgeni aingiaye penye ndugu zake hupokewa.

La pili ni kulitumia neno pungua kwa kila kitu. Hili halichekeshi, kwa hiyo ni baya zaidi. Upepo umepungua, rangi imepungua, uvimbe umepungua, hasira zimepungua, mifugo imepungua. Sarufi ni safi, na hakuna mwalimu atakayeweka alama nyekundu. Lakini ukurasa wa namna hiyo ni chakula kisicho na chumvi. Msomaji hupata habari ya kiasi, hukosa habari ya kitu chenyewe. Nao watoto wakisoma kurasa kama hizo miaka 10, maneno kama pusa, pukutika, lika na pwewa yatawafikia kama majina ya mababu wasiowajua. Hapo lugha yenyewe ndiyo itakayokuwa inafifia, na si kwa kosa la Kiingereza.

Chukua “water down”. Kwa maji ya moto, uji au kinywaji kikali, tunalo neno zimua, nalo ni sawa sawa: kuongeza maji ili kupunguza ukali. Leo watu wengi huandika chakachua. Lakini chakachua, neno lililopata umaarufu katika habari za mafuta ya magari yaliyochanganywa, lina udanganyifu ndani yake; na mama anayezimua uji wa mtoto hamdanganyi mtu. Ikiwa muswada wa sheria “has been watered down” bungeni, mfasiri lazima aamue kwanza kama mwandishi analaumu hila au anasimulia mapatano. Akiona ni mapatano, aseme makali yake yamepunguzwa. Pungua hapa si kosa, kwa kuwa imepewa kitu chake, makali.

La tatu ndilo lililoniangusha mimi: kupoteza mwisho. Hapa pana hatari ya kweli. Daktari asemaye “cut down on salt” anataka mgonjwa apunguze chumvi. Asemaye “cut out salt” anataka aiache kabisa. Vijineno viwili vidogo, na maagizo mawili yasiyofanana. Nimeona yote mawili yakitafsiriwa “punguza chumvi”, labda kwa kuwa mfasiri aliona haya kumkataza mtu chumvi. Kadhalika “wind down” na “wind up” katika habari za makampuni: ya kwanza ni kupunguza shughuli hatua kwa hatua, ya pili ni kuivunja kampuni kisheria, mali yake kugawiwa wanaoidai. Mfanyakazi asomaye tangazo la namna hiyo anataka kujua kama ana kazi mwezi ujao. Na “wear off”: ganzi ikisemwa kuwa “will wear off”, mgonjwa anaambiwa kwamba nguvu ya dawa itamtoka yenyewe, asihangaike. Ukiandika “ganzi itapungua” atauliza, itapungua ibaki kiasi gani? Andika “ganzi itakwisha yenyewe”, naye atalala.

V

Kamusi zetu zina sehemu gani katika jambo hili? Desturi iliyoanza tangu kazi ya A. C. Madan ya mwaka 1894, ikaendelezwa na kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya mwaka 1939 iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson kwa Kamati ya Lugha, na kupokewa na waliofuata, ni kuweka neno la Kiingereza mbele na maneno ya Kiswahili nyuma yake. Sina nia ya kuwalaumu watu ambao mimi mwenyewe nimekula jasho lao kila siku ya maisha yangu ya kazi. Kwa majina ya vitu desturi hiyo yatosha. Kwa maneno ya kupungua haitoshi, kwa sababu niliyokwisha kuieleza: neno la Kiswahili hufuata kitu kilichopungua, na kamusi haikutaja kitu. Mtafutaji akiona nyuma ya neno moja “pungua, fifia, tulia, poa”, atachagua lile alijualo, nalo huwa ni pungua.

Napendekeza mambo mawili, nayo si makubwa. Kwanza, kila kitenzi cha maneno mawili cha jamii hii kiandikwe pamoja na vitu vyake: upepo hutulia, rangi huchujuka, uvimbe hupwa, mifugo hupukutika. Nafasi itakayotumika ni mistari miwili, na faida yake ni kwamba kamusi ya Kiingereza itakuwa imehifadhi Kiswahili. Pili, kila mahali kijineno kinaposema mwisho, kamusi iseme kwa maneno kwamba jambo limebaki au limekwisha. Mfasiri akumbushwe lile ambalo sarufi yetu haimlazimishi.

Kwa walimu ningeomba orodha ya alfabeti iwekwe kando, na mwanafunzi aanze na “die” na vijineno vyake vinne, atoe kwa kila kimoja sentensi ya Kiswahili yenye kitu tofauti. Nimeijaribu njia hii darasani. Mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Pemba, tulipofika “die away”, alisema kwao sauti ya mwadhini wa kijiji cha pili, upepo ukigeuka, “hupwa”. Sikuwa nimeisikia sauti yenyewe ikipwa, nilikuwa nimesikia mtu akipwewa tu. Nikaandika katika daftari langu. Somo lilikuwa la Kiingereza, na mwalimu ndiye aliyeongezewa Kiswahili.

Nirudi kwa yule muuguzi, maana deni lake nililipa. Karatasi ile iliandikwa upya, na safari hii nilikaa naye mezani. Sentensi niliyoitafsiri kwa maneno manne ikawa hivi: “Usiikatize dawa hii ghafla. Punguza kipimo kama daktari alivyokuandikia, hatua kwa hatua, mpaka siku aliyokuwekea ya kuacha.” Ni ndefu kuliko Kiingereza, na haina mshumaa. Lakini ina umbo: mwanzo wake, mteremko wake na mwisho wake. Mama yule aliisoma kwa sauti mara mbili, akaikunja, akasema, “Sasa huyu atapona.” Sijaona bado mapitio ya kitabu changu chochote yaliyonipendeza kuliko hayo.